Gari Haliondoki na Mtu Mmoja

Inspekta Jeilani alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaingiza hendeli kwenye pua ya gari na kuizungusha kwa nguvu zake zote. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Akazungusha tena, ikanyamaza tena. Safari iliyofuata hendeli ilirudi nyuma kwa ghafla ikampiga kifundo cha mkono, akatoa neno ambalo mamake, mwenye nyumba ya heshima pale Mkomani mjini Amu, angelisikia angelimwosha kinywa kwa sabuni.

"Nikusaidie, afande?" aliuliza Koplo Mutua, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli chembamba cha mti wa mkoma.

"Usinisaidie. Nitazame tu. Mimi ni marehemu Muhdhar. Niko peke yangu hapa Kililana, stata yangu imekufa, na nataka kwenda zangu. Nitaondoka vipi?"

Mutua alitafakari. Alikuwa mtu wa bara, mpole, asiyependa kujibu kabla ya kuwa na hakika. "Huondoki, afande. Ukizungusha, hakuna wa kukanyaga mafuta. Ukikanyaga mafuta, hakuna wa kuzungusha."

"Haya, panda ukanyage."

Mutua alipanda, akakanyaga, Jeilani akazungusha, na gari la bodi ya mbao likaamka kwa kelele iliyowarusha kwale kutoka vichakani. Walilirudisha nyuma hadi juu ya mteremko, kando ya ule mkoma, mahali palipokuwa na doa jeusi la mafuta mchangani. Hapo ndipo lilipokuwa limesimama siku ya msiba. Muhdhar alikutwa hatua chache chini ya doa, kifua kimepondeka, na gari limejichomeka kichakani mbele yake.

Kesi yenyewe ilikuwa imekwisha fungwa na watu wasiokuwa na wasiwasi. Afisa mkubwa wa polisi, Mzungu aliyekuja kutoka Malindi kwa siku moja na kurudi na kichwa kinachomuuma, alikuwa na mtuhumiwa, sababu na mashahidi. Mtuhumiwa ni Madi, mkulima wa ufuta hapo hapo Kililana, aliyekutwa ameketi kando ya maiti. Sababu yake ilijulikana na kila mtu. Kabla ya mvua za masika, Madi alisimama barabarani akipunga mikono miwili, mkewe Hadia yuko kwenye kitanda cha kamba kando ya njia, uchungu wa uzazi umemshika tangu jana yake. Gari lile lile lilipita likiwa na watu wawili tu ndani na viti vitupu nyuma. Halikusimama. Hadia alikufa kabla ya basi kupita, na mtoto tumboni. Siku ya pili Madi alisimama pale gatini Mokowe akasema mbele ya watu kwamba Muhdhar naye atakufa njiani kama alivyokufa mke wake yeye. Ni maneno ya mtu aliyeungua moyo, lakini mahakamani maneno hayaulizwi yalitoka moyo gani.

Jumamosi meli ingempeleka Madi Mombasa kushtakiwa kwa mauaji. Akifika huko na maneno yale shingoni, atanyongwa. Jeilani alilijua hilo, na alijua pia kwamba leo ni Alhamisi.

"Swichi ilikuwaje ulipofika?" alimuuliza Mutua.

"Imezimwa, afande. Niliigusa mwenyewe."

"Basi sikiliza. Mtu aliye peke yake, na stata mbovu, katikati ya pori lenye nyati, hazimi injini. Hata akishikwa na haja, anaiacha inanguruma. Muhdhar alizima kwa sababu alikuwa na mtu wa kumwashia."

"Lakini wenziwe wawili katika gari hili wameapa aliondoka peke yake."

"Mmoja ameapa. Wa pili amerudia alichoambiwa. Nimeyasoma maelezo yao."

Mutua alizima injini, akazuia gurudumu kwa gogo la kichakani, na Jeilani akalala chali mchangani, akaingiza kichwa chini ya gari. Hakuna aliyekuwa amelifanya hilo. Polisi wote walikuwa wameitazama maiti, wakamtazama Madi, wakatosheka. Bomba la moshi lilikuwa limekatika kishikio. Upande mmoja lilifungwa waya mpya, ukazungushwa vizuri. Upande wa pili waya ulining'inia, haujakazwa. Alitoka, akapekua nyasi za chini ya mteremko kwa mguu, mpaka kiatu kikagonga chuma. Koleo.

"Alikuwa chini ya gari akifunga bomba," alisema. "Kwa hiari yake. Mtu anayeviziwa na adui hajilazi chini ya gari. Gari lilimshukia."

Mutua alitikisa kichwa taratibu. "Breki ya mkono haishiki, afande. Nimeivuta."

"Ndiyo. Na kila anayelipanda gari hili anajua kwamba haishiki. Kwa hiyo lilizuiwa na kitu. Kitu gani?"

Walitafuta jiwe, hapakuwa na jiwe. Walitafuta gogo lenye alama ya gurudumu, hawakuliona. Chini ya kiti cha dereva Mutua alipata kabari ya mti wa mvule, imechongwa vizuri kama ya seremala hodari, lakini ilikuwa imefunikwa na vumbi na utando wa buibui. Kabari ile haikuguswa kwa muda mrefu. Kisha Jeilani akauzunguka mkoma. Chini, kiasi cha goti la mtu, gome lilikuwa limechubuka mzingo mzima, na kwenye mchubuko ule zilinasa nyuzi za kumbi la nazi, nyekundu nyekundu. Akafungua mlango wa nyuma wa gari. Nyuma ya kiti cha mwisho palikuwa na kamba ya kumbi, imeviringwa duara juu ya duara, ncha yake imepitishwa katikati na kubanwa.

Aliitazama kamba ile muda mrefu, na haikumfurahisha. Madi ni mkulima. Angeweka gogo mbele ya gurudumu. Dereva wa bara angeweka jiwe. Kulifunga gari kwenye mti ni jambo la watu wa visiwani, watu ambao tangu kuzaliwa hawakuona kitu cha kusafiria kikiachwa bila kufungwa. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Aliyefanya jambo hili alikuwa anatoka Amu, ng'ambo ya maji, na huenda aliwahi kumpa mkono msikitini.

*

Gari lilikuwa la shirika la watu watatu: Muhdhar, mfanyabiashara wa vitambaa, Mselem, fundi wa milango, na Famau, mtu wa Siyu aliyeoa na kuhamia Amu, ambaye dada yake ndiye mke wa Muhdhar. Amu hakuna barabara ya gari, kwa hiyo gari lilikaa Mokowe, na wao walivuka kwa mashua ya abiria kama watu wengine. Walilinunua pamoja ili wasilingojee basi, ambalo mvua zikinyesha lilikuwa likipotea wiki nzima. Walipeana mikono msikitini na kuwekeana sharti moja lililojulikana na mji mzima: gari haliondoki na mtu mmoja. Sharti lenyewe halikuwa la uchamungu. Lilikuwa la stata.

Mselem alikuwa amepiga magoti juu ya ubao wa mlango, akichonga ua. Hakuacha kazi.

"Mimi na marehemu tulikosana, sikatai," alisema. "Tulipigiana kelele gatini hata watu wakatuamua. Alipenda kulichukua gari siku za zamu yangu. Kama wataka kunifunga kwa hilo, funga."

"Siku aliyofariki ulikuwa wapi?"

"Hapa. Waulize waliokuya kuniagiza kasha la harusi. Walikaa wakanipigia porojo mpaka adhuhuri."

Jeilani alikuwa amekwisha wauliza. Alikuwa na matumaini kidogo kwamba watakanusha, kwa sababu Mselem alikuwa mtu mkorofi na ingekuwa nafuu kwa kila mtu. Hawakukanusha. Akatoa kabari mfukoni.

"Hii ni kazi yako?"

Mselem aliipokea, akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akaonekana kuumia. "Naliwachongea wenzangu, maana mimi namzidi kila mtu hofu. Ukisimama kwenye mteremko, watia tini ya gurudumu, basi. Hawakuitumia. Wakinicheka."

"Nani alikuwa akikucheka?"

"Wote wawili."

"Na wao walilizuia kwa kitu gani?"

Patasi ya Mselem ilisimama. Alikuwa mkorofi lakini hakuwa mpumbavu. Alimtazama Jeilani, kisha akaitazama njia nyembamba iliyo nje ya mlango, kama mtu anayechungulia ni nani anapita.

"Marehemu hakuwa akizuia kwa kitu," alisema polepole. "Kazi hiyo ilikuwa si yake."

"Ilikuwa ya nani?"

"Bwana Jeilani, wewe ni mtoto wa mji huu. Usinitie mimi maneno haya kinywani."

"Yupo mtu amefungwa ngomeni, Bwana Mselem. Jumamosi anapandishwa meli."

Fundi aliinamia ubao wake. Alichonga kidogo, akaharibu ukingo wa ua, akasonya. "Famau," alisema. "Alikuwa baharia kabla ya kuwa muuza duka. Kwake kila kitu ni chombo. Hata akisimamisha gari kwenda haja ndogo, alifunga."

*

Bi Umulkheir, mjane wa Muhdhar, alikuwa katika eda. Jeilani aliketi kwenye daka, kibaraza cha mlangoni mwa nyumba yake, uso ameuelekeza ukutani kwa adabu, na sauti ya mjane ikamjia kutoka nyuma ya pazia la ukumbini. Shangazi mmoja mzee aliketi kati yao akivuta uradi, kuhakikisha hakuna neno linalopita kiasi.

"Maswali nimeulizwa mengi," alisema Bi Umulkheir. "Na mtu wenu mumempata. Mwataka nini tena?"

"Siku ile, Bi, ulimfungia chakula?"

"Kama kila safari. Zakula za watu wawili. Ndilo sharti lao."

"Hakusema anakwenda peke yake?"

"Hakusema. Baadaye Famau ndiye aliyeniambia kwamba hakupata mwenzi." Sauti ilitulia, kisha ikarudi ikiwa imechoka. "Ndugu yangu naye tutampoteza. Tangu tulipozika, hali chakula kwangu. Huleta unga na samaki, akaweka mlangoni, akenda zake. Wanangu wakimwita mjomba, hugeuza uso. Ndiye mwanamume pekee aliyetusalia, Bwana Jeilani. Mwambieni ale."

Jeilani alizidi kuutazama ukuta. Alitamani swali lake linalofuata liulizwe na mtu mwingine.

"Ukimjua aliyesababisha kifo cha mumeo, Bi, ungetaka afanyweje?"

"Anyongwe," alisema Bi Umulkheir. "Sitaki udhuru wake. Nataka anyongwe, na mimi nisikie."

*

Ijumaa baada ya sala Jeilani alimwomba Famau avuke naye, akalichukue gari, kwani polisi wamemalizana nalo. Famau alikuja bila kuuliza neno. Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, lakini kanzu ilikuwa imeanza kumning'inia. Kutoka Mokowe hadi Kililana walipanda lori la wakata boriti pamoja na Koplo Mutua, wamebanana na kuku na magunia, na watu wakamsalimu Famau wakampa pole ya shemeji. Kila pole ilimwingia kama mwiba.

Gari lilikuwa juu ya mteremko, kando ya mkoma. Mutua alikuwa ameliwekea gogo kubwa nyuma na mbele ya gurudumu.

"Bomba la moshi linabururika," alisema Jeilani. "Hatutafika Mokowe hivi. Nitalifunga. Koplo, ondoa magogo hayo, yananizuia kuingia. Bwana Famau, tafadhali lizuie gari."

Famau alilizunguka gari. Alifungua mlango wa nyuma bila kutafuta, akatoa kamba. Mikono yake ilikuwa inajua kazi yake yenyewe, na yeye mwenyewe alikuwa mbali. Alipitisha kamba kwenye chuma cha nyuma ya gari, akauzungusha mkoma palepale palipochubuka, akafunga fundo la haraka ambalo mabaharia hufungia mashua gatini, lile ambalo ukivuta ncha moja linafunguka ili chombo kiondoke bila kukawia. Mutua akaondoa gogo la mwisho. Gari likasogea kidogo, kamba ikakaza, ikalia.

Jeilani alivua kofia, akashika waya na koleo, akalala chali. Aliingiza kichwa, kisha mabega. Alikuwa na hofu ya kweli. Alilisikia gari likipumua juu ya kifua chake, na Mutua alikuwa na amri ya kutofanya lolote kabla ya Famau. Akainua koleo, akagonga bomba mara moja. Gari lote likatikisika. Kwenye mkoma kamba ikateleza kidogo.

Akagonga tena.

"Toka!" Famau alipiga ukelele. "Toka tini! Litakuua! Fundo hilo halishiki likitikiswa, litakuua!"

Alikuwa ameidaka kamba kwa mikono miwili, ameegemea nyuma kwa uzito wake wote, miguu inachimba mchanga. Mutua alirusha gogo mbele ya gurudumu. Jeilani akatambaa kinyumenyume hadi nje, akasimama, akajipangusa.

"Unajuaje kwamba halishiki, Bwana Famau?" aliuliza.

Famau hakuiachia kamba. Alianza kulia akiwa bado ameishika, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti nzuri.

"Mashua haitikiswi kwa nyundo," alisema. "Mashua huvutwa na mayi, pole pole. Nalifunga kama nilivyofunga maisha yangu yote. Mselem katuchongea kabari, nikamcheka. Muhdhar kaingia, kagonga, kamba ikatoka, gari likashuka. Nalilishika hivi hivi. Halikushikika. Sikumuua, wallahi. Naye alikuwa mume wa ndugu yangu."

"Najua hukumuua."

"Basi kwani wanileta hapa?"

"Kwa sababu Madi yuko ngomeni, na ulikuwa unajua hakuua mtu, ukala kiapo kwamba Muhdhar alikwenda peke yake. Kesho wangemtia melini. Wangemnyonga, Bwana Famau. Na wewe ungeleta unga mlangoni kwa dadako, na ungeendelea kunyamaza."

Famau alifunga macho. Mutua akamtwaa kamba mikononi kidole baada ya kidole, kwa upole, kama anavyotwaliwa mtoto kitu kikali.

Lilibaki swali moja, na Jeilani aliliuliza kwa sababu ni kazi yake, si kwa sababu alitaka kulijua jibu. "Alikufa papo hapo?"

Famau alilitazama doa la mafuta mchangani.

"Bwana Famau. Alikufa papo hapo?"

"La," alisema Famau. "Alikuwa akinena. Kaniambia, nipeleke. Gari lilikuwa zima, lingetufikisha Mokowe, kule tungepata mashua ya mota. Nikaitoa kamba mtini, nikaiviringa kama desturi yangu, nikaitia nyuma. Nalizungusha hendeli. Nalizungusha, nikakimbia kukanyaga mafuta, likazima. Nikazungusha, nikakimbia. Mikono ikanitoka damu. Peke yangu halikuwaka." Alimeza mate. "Nikazima swichi, nikapiga mbio kwenda kutafuta mtu. Nikamuona Madi shambani mwake, karibu, kama hapo penye yule ng'ombe. Alikuwa na mgongo wake kwangu, apalilia."

"Ukamwita?"

"Nalisimama nyuma ya kichaka. Nalifungua kinywa." Famau alitikisa kichwa. "Siku ile ya mkewe, nalikuwa mimi kwenye kiti cha mbee. Muhdhar alitaka kusimama. Kaniuliza, tusimame? Mimi ndiye niliyemwambia, hili ni gari la shirika si la abiria, damu itaharibu viti. Kaniangalia kwa dirisha, Madi. Kaniona uso. Ningemwita vipi, Bwana Jeilani? Ningemtazama kwa mato gani? Nikapita kwa tini, nikafuata pwani, nikapakiwa na wakata boriti mashuani mwao."

Mutua alienda mbele ya gari, akachukua hendeli, Jeilani akapanda kukanyaga mafuta, na gari likawaka mara moja.

*

Madi aliletwa kutoka chumba cha ndani cha ngome, akikunja macho kwa mwanga wa ua. Mavumbi ya shamba yalikuwa bado kwenye nyayo zake. Jeilani alimwambia kwamba yuko huru, kisha akamwambia kila kitu, kwa sababu aliona ni haki yake kusikia kwa mtu na si kwa uvumi wa gatini. Alimweleza kamba, na hendeli, na mtu aliyesimama nyuma ya kichaka akifungua kinywa.

Madi alisikiliza akiwa amesimama. Ilipofika habari ya kichaka, alinyoosha mkono akaushika ukuta.

"Mimi nilimkuta bado yuwapumua," alisema. "Naliposikia muungurumo wa gari unakatika katika, nikasema siendi, nao hawakunijia. Nikapalilia mstari mzima. Kisha moyo ukanishinda, nikenda. Nikampa maji. Nikamwambia, ningelikuwa na mtu wa pili ningekupeleka. Akafa mkononi mwangu, nikamfunika shuka yangu."

"Kwa nini hukuwaambia polisi hivyo?"

"Wangeniamini?"

Mlango mkubwa wa ngome ulikuwa wazi, na sokoni watu walikuwa wananunua samaki. Madi hakutoka. Alikuwa akitazama mikono yake, kwanza mmoja, kisha wa pili.

"Angeniita," alisema. "Hata bila ya kuomba radhi. Angeniita tu. Ningekuya."